Osaka ya Wilibrodi

Wilibrodi alikaa Osaka wiki moja na ushei, lakini kijiji cha Endabash kiliisikia Osaka tangu kupalilia mpaka kuvuna. Hakuna aliyekatiza mbele ya nyumba yake akaachwa apite. Aliyekuja kuazima jembe aliketishwa akasimuliwa Osaka. Aliyekuja kuulizia dume la mbegu alisimuliwa Osaka kwanza, na dume akaonyeshwa giza likiingia. Brigita, jirani wa ng'ambo ya korongo, alikuja kutoa pole ya msiba wa shangazi, akarudi nayo nyumbani kwa sababu hakupata upenyo wa kuitoa.

Chai ya wasikilizaji wote hao ilichemshwa na Martha, mke wa msimuliaji. Martha alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyecheka ovyo. Alilima karoti, kabichi na giligilani kando ya kijito, akauza kwenye mahoteli ya watalii huko Karatu juu, na kwenye milango ya majiko ya mahoteli hayo ndiko alikookota Kiingereza chake. Kilikuwa Kiingereza cha kilo na cha bei, kisichojua salamu ndefu, lakini hakijawahi kumwangusha.

Mumewe alikuwa mwongozaji wa watalii, dereva wa kushuka kreta ya Ngorongoro tangu kabla binti yao Sifa hajazaliwa, na sasa Sifa ni mwalimu huko Mbulu. Karatu nzima ilimjua kwa kuona faru mahali ambapo wenzake wanaona jiwe. Mwaka juzi aliwaendesha wazee wawili wa Kijapani, Mzee Morita na mkewe, watu wa jiji la Osaka, nao wakampenda kiasi cha kumtumia tiketi ya ndege ili na wao wamtembeze kwao. Akaenda na begi la Sifa la chuoni. Akarudi na kofia yenye maandishi asiyoweza kuyasoma, na tabia mpya ya kuvua viatu mlangoni na kuwatazama miguu wale wasiovua.

Ajabu yake ni kwamba alikwenda Osaka kuitazama, akarudi kuidharau, na alitaka asifiwe kwa yote mawili.

Dharau hiyo hakuipata Japani. Alikuwa nayo zamani, ilikuwa nyenzo ya kazi kama darubini. Mtu anayevuka bahari kwenda kutazama kitu asichoweza kukila wala kukifuga, kwa Wilibrodi, alikuwa na kasoro, na kasoro hiyo ndiyo iliyomjengea nyumba ya bati la rangi. Aliwachekea wageni mchana kutwa, akafika nyumbani akawaiga: yule aliyelia kwa kumwona pundamilia, yule aliyeuliza kama wanyama wanafungiwa saa kumi na mbili. Sasa akaonyeshwa jiji zima la watu wa kutazama, akatamba nalo.

Ngome ilikuwa ya kwanza. Kwa mbali, alisema, ngome ya Osaka ina heshima yake, mapaa juu ya mapaa, kingo za dhahabu, mfereji mpana wa maji kuizunguka. Ukiingia ndani unakuta lifti. Hapo alinyamaza ili wasikilizaji waionje ile lifti. Ngome yenyewe ya kale iliungua, wakajenga nyingine ya zege, wakaweka kitufe cha kupandia juu, na watu wazima wanapanga foleni kuingia humo na kutoka wakitikisa vichwa kwa mshangao. Ikafuata nyumba ya samaki, ambamo papa mrefu kuliko Landikruza mbili anazunguka nyuma ya kioo, na akina baba wamekaa sakafuni wanamtazama bila hata kumtaka kwa mboga. Likafuata gurudumu kubwa la kupanda watu. Unaingia kwenye kibanda, linakuinua, linakuonyesha mabati ya watu, linakushusha palepale ulipopandia. Kisha mtaa wa kula, wenye kaa wa bandia mkubwa kuliko trekta, anayechezesha miguu juu ya mlango wa hoteli, na watu wanampiga picha huyo badala ya wale wanaopikwa ndani. Vitumbua vya pweza vilimwunguza ulimi, na hilo pia aliliandika kwenye makosa ya Osaka.

Hadithi ya foleni hakupenda kuisimulia, ila Vedasto, mwenyekiti wa zamani wa kitongoji, alikwisha kuisikia kwa dereva mmoja mjini, akawa anaidai. Kreta ina desturi moja ambayo kila dereva anaijua: ukiona magari yamesimama pamoja, kimbilia, hapo pana simba. Siku moja Mzee Morita aliingia dukani, akamwacha Wilibrodi nje. Wilibrodi akaona watu wengi wamesimama pamoja mtaani, na miguu ikampeleka yenyewe. Alisimama nao, akasogea waliposogea, akanyoosha shingo walikonyoosha, na alipofika mbele kabisa, kijana aliyevaa aproni akamkabidhi keki. Mzee Morita alipotoka dukani na kumkuta ameikumbatia, alidhani anapenda keki kuliko vyote, na tangu hapo alilishwa keki kila siku mpaka siku ya ndege. Wilibrodi aliisimulia kwa kuwalaumu Waosaka. Watu wote wale, alisema, na simba hakuna.

Tena kulikuwa na kufuli. Juu ya ghorofa moja refu sana, kwenye paa, vijana wananunua makufuli, wanachora majina mawili, la mwanamume na la mwanamke, wanayafunga kwenye uzio wa chuma, basi, wanashuka. Hakuna ghala pale, hakuna zizi. Wanafunga upepo. Wilibrodi alipofika kwenye kufuli alicheka mpaka akapaliwa na chai, lakini aliimaliza hadithi hiyo upesi kuliko nyingine, na Martha alilitambua hilo bila kulitia maanani.

Kilichomchoma Martha kilikuwa kingine, na kilisemwa Jumapili moja baada ya misa, sebule imejaa. Wilibrodi alikuwa amerudia ngome, maana ngome ilipendwa. Akaongeza jambo ambalo hakuwahi kulisimulia. Walipofika juu kabisa, kwenye baraza ya kutazamia jiji, Mzee Morita alishika ukuta akatokwa na machozi. Wilibrodi akamuuliza ana nini. Mzee akajibu kwamba amezaliwa chini ya ngome ile, ameiona kila asubuhi akienda shule na kila jioni akitoka kazini, na ile ilikuwa mara yake ya kwanza kupanda.

"Mtu anakaa chini ya ngome miaka sabini," Wilibrodi alisema, akijipiga paja, "na hajaingia. Mpaka atoke mtu Endabash ndiyo apandishwe kwao. Sasa huyo ni mtu au ni mbuzi wa kamba?"

Sebule ikavunjika mbavu. Brigita alicheka akashika kifua. Vedasto alicheka akavua miwani kuifuta. Martha alikuwa amesimama na chupa ya chai, akawatazama mmoja baada ya mwingine. Brigita hajawahi kushuka kreta. Vedasto, pamoja na uenyekiti wake wote, hajawahi kushuka kreta. Katika ile sebule yote, aliyewahi kuliona shimo la Ngorongoro kutoka ndani alikuwa mtu mmoja, naye ndiye aliyekuwa akijipiga paja. Na kila asubuhi ya uhai wao wote, wakitoka nje na ndoo, wanauona ule ukingo wa bluu na wingu lake limekaa juu, na kuupa mgongo.

Martha alimimina chai, akamwagia Vedasto kwenye sahani, na hakuomba radhi.

Kwa maana yeye alikuwa ameomba kupelekwa kreta. Aliomba akiwa bibi harusi, Wilibrodi akasema subiri nipate mwenyeji getini. Aliomba Sifa alipozaliwa, akaambiwa mtoto atapata baridi. Akaomba tena Sifa alipokuwa mkubwa, akaambiwa gari ni la kampuni. Mara ya mwisho, ambayo sasa ni zamani, Wilibrodi alimtazama kwa huruma ya kweli akasema, "Mama Sifa, kule kuna nini? Nyumbu. Na nyumbu ni ng'ombe aliyekosa malezi." Martha hakuomba tena. Hamu haikumtoka, ila alikataa kuwa mwanamke wa kuombaomba kuonyeshwa kitu ambacho kila Mjerumani mwenye kaptula ameonyeshwa na mume wake.

Mvua za vuli zilipokwisha, wazee wa Osaka wakarudi. Walifikia hoteli ya mlimani Karatu, na siku ya kwanza waliomba waletwe Endabash wapate chakula kwa Wilibrodi. Mzee Morita alikuwa mfupi, mwenye fimbo ya kukunja na kofia ya kitambaa. Mkewe alikuwa mfupi kuliko yeye. Alipomwona Martha mlangoni alisimama, akamshika mikono yote miwili, akamtazama kama anavyotazamwa ndugu aliyepotea akaonekana. Martha alishangaa. Hawakuwahi kuonana, na huyu mama alikuwa na machozi.

Walikula kuku na ugali, na maziwa ya mgando ambayo mzee aliyamaliza kwa ushujaa. Mama Morita hakumwachia Martha mkono hata wakati wa kula. Baada ya chakula akasema kwa Kiingereza cha polepole, ambacho Martha alikifuata neno kwa neno, kwamba kesho wanashuka kreta na Martha anakwenda nao.

Wilibrodi alisimama. Akasema ng'ombe mmoja anakaribia kuzaa. Martha akasema kwa Kiswahili kwamba huyo ng'ombe alishazaa, ndama yupo pale anatafuna kamba. Wilibrodi akasema viti havitoshi. Gari lina viti saba. Akasema vibali vya wenyeji vinaombwa mapema, na Mzee Morita akasema basi watamngoja hata siku tatu, hana haraka, amestaafu. Jasho lilikuwa limemtoka Wilibrodi juu ya mdomo, naye alikuwa mtu wa kutopepesa macho mbele ya tembo dume.

Martha alimtazama akipiga chenga namna ile na moyo ukamjaa uchungu. Aliona sasa wazi kwamba mume wake anamwonea choyo mpaka mwisho, hata wageni wenyewe wakiomba. Akasema kwa Kiingereza, akimtazama mama na si mumewe, kwamba atakuja.

Jioni hiyo Wilibrodi alikuwa mpole kupita kiasi. Alimchotea maji. Akasafisha viatu vyake Martha, vya kanisani, bila kuombwa. Kisha akasema, kama mtu anayekumbuka jambo dogo, kwamba hawa Wajapani wana maneno mengi ya adabu, kwa hiyo kesho wakimuuliza lolote aitikie tu kwa kichwa. Wanapenda kuitikiwa.

"Wakiniuliza nini?" Martha akauliza.

"Lolote," alisema Wilibrodi, akaendelea kupiga viatu rangi.

Asubuhi walipanda kupitia Karatu, wazee wawili nyuma na Martha katika safu ya kati, kwa kuwa kiti cha mbele Wilibrodi alikijaza darubini, vitabu vya ndege na masanduku ya chakula. Getini walisimama kuandikishwa. Dereva mwenzake, Lemayian wa Endulen, alikuja dirishani na shuka lake juu ya jaketi la kampuni, akamwona Martha, uso ukamchanua.

"Shemeji! Karibu tena Ngorongoro. Siku nyingi."

Martha akauliza, "Tena?"

Wilibrodi alikwisha kutia gia. Lemayian akabaki amepunga mkono, na Martha akageuka kumtazama mpaka kona ikamficha. Hajawahi kufika getini pale. Lemayian alimjua kwa kuonana naye stendi ya Karatu, akiwa na magunia ya karoti.

Barabara ya ukingoni ilikuwa ndani ya ukungu, miti imening'iniza ndevu za kijivu, na baridi ilikuwa ya kuingia kwenye meno. Kwenye uwanja wa kutazamia, Wilibrodi alitaka kupita. Alisema ukungu, hakuna cha kuona, bora washuke moja kwa moja. Mama Morita alimgonga begani kwa kidole, mara mbili, na gari likasimama.

Martha alishuka na viatu vyake vya kanisani. Alitembea mpaka kwenye ukuta mdogo wa mawe. Mbele yake palikuwa peupe kama maziwa, halafu upepo ukaja kutoka chini, ukungu ukapasuka, na kreta ikajifungua.

Hakuna aliyemwambia kwamba ni kubwa vile. Kila siku alisikia nyumbu, faru, magari, matairi, wageni wajinga. Hakuna aliyemwambia kwamba pana nchi nzima mle ndani, yenye ziwa lake na msitu wake na vivuli vya mawingu yake, tambarare ya kijani iliyokaa chini ya ukuta wa milima pande zote, imetulia. Alikuwa na furaha na alikuwa na hasira, zote zimekuja kwa mlango mmoja, na hakujua aitangulize ipi. Miaka yote ile amekaa na giligilani, na hiki kilikuwa hapa, nyuma ya lile wingu.

Mama Morita alikuja akasimama naye. Akamwacha atazame kwanza. Kisha akauliza kwa sauti ya chini kama ni hapa.

Martha hakuelewa. Mama akaeleza, akitumia mikono. Hapa, kwenye ukuta huu. Asubuhi ya pili ya harusi. Mvua. Bwana Wili akavua koti lake akamfunika bibi harusi, na bibi harusi akalia, akasema hata akifa leo ameona. Bwana Wili aliwasimulia mwaka juzi wakiwa wamesimama papa hapa, na wao wote wawili walilia. Kule Osaka aliwasimulia tena, ndipo wakampeleka kwenye lile ghorofa. Mama akatoa simu yake kwenye begi, akatafuta, akampa Martha.

Ilikuwa picha ya kufuli jekundu kwenye uzio wa chuma, na nyuma yake jiji lisilo na mwisho. Juu ya kufuli yaliandikwa majina kwa mwandiko ambao Martha aliujua, mwandiko uliokuwa ukiandika majina ya madawa ya ng'ombe ukutani nyumbani: WILI NA MARTHA. Pembeni, Wilibrodi amesimama na kofia yake, anacheka kama bwana harusi.

Asubuhi ya pili ya harusi yake Martha aliikumbuka vizuri. Alikuwa kwa mama mkwe akichambua maharage, wifi zake wakimwuliza bwana yuko wapi. Bwana alikuwa amekwenda kazini. Alikuwa hapa, na wageni.

Alirudisha simu kwa mikono miwili, kwa adabu, kisha akamgeukia mumewe. Wilibrodi alikuwa ameinama kwenye tairi la mbele, tairi ambalo halikuwa na ubaya wowote.

"Baba Sifa," alisema kwa Kiswahili, bila kupandisha sauti. "Umewaambia wangapi?"

"Mama Sifa, hapa si mahali pake."

"Wangapi?"

Wilibrodi alisimama. Alijipangusa mikono ambayo haikuwa na vumbi. Akasema uongo huo ulianza kama utani. Wageni wa siku ile walijua ametoka harusini jana, wakauliza mke yuko wapi, akaona aibu kusema yuko kwenye maharage, akasema alimleta alfajiri akamrudisha. Wakafurahi sana. Wageni waliofuata akawaambia pia, na wao wakafurahi, na hadithi ikazoea kukaa pale kwenye ukuta kama sehemu ya kazi. Hata madereva wenzake wakaiamini.

"Wangapi?" alisema Martha mara ya tatu.

"Wote," alisema Wilibrodi.

Martha alitikisa kichwa taratibu. Sasa kila kitu kilikaa mahali pake, Lemayian, viatu kupigwa rangi, ng'ombe wa kuzaa. Wala haikuwa choyo. Mume wake hakuweza kumleta kwa sababu alishamleta. Kulikuwa na Martha mwingine, aliyekuja hapa karibu kila wiki, msimu wa mvua na wa kiangazi, akafunikwa koti, akalia vizuri, akawapendeza Wajerumani, akarudishwa mdomoni mpaka safari nyingine. Huyo hakuwa na jasho wala magunia. Huyo alifika mpaka Osaka, akapandishwa ghorofa.

"Basi jina langu limetembea kuliko mimi mwenyewe," alisema. "Na juzijuzi umekaa sebuleni kwangu ukamcheka huyu mzee. Mbuzi wa kamba. Mimi nimeshika chupa ya chai, unanitazama usoni, unacheka. Hukuniona kabisa, Baba Sifa."

Ni kweli Wilibrodi hakumwona, na ilionekana usoni kwake kwamba ndiyo kwanza anajua.

Wazee wawili walikuwa wakimtazama Martha, kisha Wilibrodi, kisha Martha. Mama Morita aliuliza kama wote ni wazima.

"Watafsirie," alisema Martha. "Waambie sijawahi kukanyaga hapa."

Wilibrodi aliwageukia wageni wake. Watu walioijua sauti yake ya kazi wangeitambua mara moja, ile sauti laini iliyogeuza jiwe kuwa faru. Akasema kwa Kiingereza kwamba mke wake amefurahi sana kukumbuka siku ile, na maneno yamemwishia.

Kumbe maneno hayakuwa yamemwishia. Martha alisimama sawasawa, kama anavyosimama kwenye mlango wa jiko la hoteli mpishi anapotaka kumwibia kilo.

"Hapana," alisema kwa Kiingereza chake cha bei. "Mimi, leo, mara ya kwanza. Harusi, hapana. Koti, hapana. Yeye uongo."

Upepo ulikuwa umetulia. Mama Morita alimtazama Wilibrodi kwa muda mrefu. Hakusema neno. Kwa watu wake, inaelekea, kutosema ndiyo kusema kwenyewe, kwa maana Wilibrodi alipungua mbele yake kama maziwa ya moto yaliyoepuliwa jikoni. Kisha yule mama akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Koti," alisema.

Wilibrodi alivua jaketi lake la kampuni, lenye chapa ya faru kifuani, akampa. Mama Morita alilikung'uta kana kwamba lina vumbi, akasimama kwa ncha za vidole, akamfunika Martha mabegani. Lilikuwa na joto. Martha aliliacha likae.

Mzee Morita alikuwa amejiegemeza kwenye fimbo yake. Akajigusa kifua, akamwambia Martha maneno mawili matatu. Yeye pia, alisema. Ngome. Miaka sabini. Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayejicheka mwenyewe na haoni taabu, na Martha, ambaye hakuwa amecheka tangu mavuno, akacheka naye. Halafu mzee akaenda kwenye gari, akafungua mlango wa mbele, akatoa darubini, vitabu vya ndege na masanduku ya chakula, akavibwaga mikononi mwa Wilibrodi, na kuinama mbele ya kiti kilichobaki wazi.

Martha alipanda mbele.

Walishuka kreta. Njia ilikuwa ya mawe na kona kali, ukuta upande mmoja na utupu upande wa pili, na Wilibrodi aliendesha kwa shati tupu, meno yakigongana. Redio ya gari ikaita, sauti ya dereva fulani ikisema magari yanakusanyika upande wa ziwani, watu wakimbie. Kwa mazoea Wilibrodi akakanyaga mafuta.

"Unakwenda wapi?" Martha aliuliza.

"Kuna simba."

"Mimi sikuomba simba. Simama."

Alisimama. Walikuwa wamefika chini. Hapakuwa na kitu cha kutazama, nyasi tu, na mbali kidogo nyumbu wachache wamesimama bila shughuli yoyote, na ukuta wa milima umewazunguka wote. Ng'ombe waliokosa malezi. Martha aliwatazama akaona wamelelewa vizuri tu. Nyuma, wazee wawili walishusha vioo, wakatulia kama watu waliokaa kanisani.

Wilibrodi alishika usukani kwa mikono yote miwili. Alitazama mbele, akasema kwa sauti ambayo haikuwa ya kazi wala ya sebuleni kwamba hajui aanzie wapi.

"Anza mwanzo," alisema Martha. "Kama unavyowaanzia wengine."

Wilibrodi akatazama nyasi, kisha akamgeukia, na ilikuwa kama hajawahi kumwona akiwa amekaa upande ule wa gari, maana hakuwahi.

"Karibu Ngorongoro," alisema. "Jina langu ni Wilibrodi. Leo mimi ndiye nitakayekuongoza. Nimezaliwa Endabash, si mbali na hapa, na nina mke..."

"Endelea," alisema Martha, akivuta koti lifunge vizuri kifuani. "Ila habari za mke wako, ruka."